Kiinua mgongo cha mama: tununue dhahabu au tubaki na shilingi?

Binti wa Mindu, Morogoro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba maoni yenu juu ya jambo ambalo limetugawa nyumbani. Mama yetu amestaafu ualimu wa shule ya msingi na mafao yake ya mkupuo yamekwisha kuingia benki. Pensheni ya kila mwezi inamtosha kwa chakula na dawa, na nyumba anayo, kwa hiyo fedha hizi si za matumizi ya leo. Anataka sehemu kubwa ikae mpaka wajukuu wawili watakapofika chuo, yaani miaka minane au tisa kutoka sasa, na sehemu ndogo iwe karibu kwa ajili ya ugonjwa au msiba.

Kaka yangu mkubwa anashikilia kwamba fedha yote inunuliwe dhahabu. Anasema noti ni karatasi ambayo serikali inaweza kuichapisha wakati wowote, kwamba mshahara wa kwanza wa mama wa mwaka 1986 leo haununui hata kilo ya sukari, na kwamba kama noti ingekuwa mahali salama pa kuweka akiba, Benki Kuu yetu yenyewe isingekuwa inanunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji. Mimi sina jibu la kumpa, ila nina wasiwasi. Dhahabu haizai kitu ikikaa ndani, inaweza kuibiwa, na siku ya kuiuza sijui nani ataipangia bei. Mama mwenyewe anatusikiliza tu na kusema tumalize ubishi ndipo aamue.

Naomba kujua: je, ni kweli kwamba dhahabu hutunza thamani kuliko fedha ya karatasi? Na kama ni kweli, ukweli huo unamfaa mwalimu mstaafu, au unazifaa benki kuu na matajiri peke yao?

Mhasibu wa Kigamboni

Dada, kaka yako ana hoja, ila hesabu yake ameikatisha katikati. Nianze pale anapopapenda, yaani kwenye historia ya shilingi.

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa shilingi yetu mwezi Juni 1966, ikichukua nafasi ya shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14, na wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ilikuwa na bei rasmi ya dola 35 iliyowekwa na Marekani mwaka 1934. Ukizidisha unapata shilingi 250 kwa wakia, au shilingi 8 hivi kwa gramu. Mwezi Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000, na dola ilikuwa karibu shilingi 2,450, kwa hiyo wakia ileile ilifika takriban shilingi milioni 9.8. Aliyefungia shilingi 250 sandukuni mwaka 1966 leo hana hata nauli ya daladala, na aliyefungia wakia moja anaweza kununua pikipiki tatu. Hapo kaka yako hajakosea hata kidogo.

Lakini litazame ongezeko hilo kwa ndani, maana limejengwa na vitu viwili vilivyozidishana. Kati ya 1966 na Oktoba 2025 dhahabu kwa dola ilipanda kama mara 114, na shilingi mbele ya dola ilishuka kama mara 343. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho Mtanzania anakiona kama kupanda kwa dhahabu ni kushuka kwa shilingi, na sehemu hiyo angeweza kuikwepa kwa kushika mali nyingine yoyote isiyohesabiwa kwa shilingi: shamba, nyumba, ng'ombe, hata dola zenyewe. Tena kushuka huko hakukwenda sawasawa mwaka hadi mwaka. Mwaka 1985 dola ilikuwa bado kama shilingi 17 kwa bei rasmi, ingawa bidhaa zilikuwa haba na mtaani bei ilikuwa nyingine kabisa. Baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa shilingi ikaachiwa ishuke, na kufikia 1993 dola moja ilikuwa imepita shilingi 400. Mama alianza kazi katikati ya dhoruba hiyo, ndiyo maana mshahara wake wa kwanza unachekesha leo. Miaka hii ya karibuni mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Sisemi kwamba dhoruba haiwezi kurudi. Nasema kwamba anayepanga miaka tisa ijayo hapaswi kuuchukua mwaka 1986 kana kwamba ndio kipimo cha kila mwaka.

Sasa tuje kwenye dhahabu yenyewe. Mpaka Agosti 15, 1971, serikali za nje ziliweza kupeleka dola Marekani na kupewa dhahabu kwa dola 35 kwa wakia. Siku hiyo Rais Nixon alilifunga dirisha hilo, na tangu hapo hakuna noti kubwa duniani inayobadilishwa kwa dhahabu kwa kiwango maalumu. Bei ikaachiwa soko. Januari 1980 ilifika dola 850 kwa wakia, watu wakiwa na hofu ya mfumuko wa bei na vita. Kisha ikaanguka, na katikati ya mwaka 1999 ilikuwa kama dola 250. Kilele kile cha 1980 hakikuvukwa tena mpaka Januari 2008, yaani baada ya miaka 28, na hapo sijahesabu kwamba dola yenyewe ilikuwa imepungua nguvu katika muda huo wote. Mwalimu aliyestaafu mwaka 1980 akanunua dhahabu kwenye kilele angekuwa amezeeka kabisa kabla ya kuiona bei yake tena. Kwa shilingi angeona namba zinapanda, kutoka kama 7,000 hadi kama 200,000 kwa wakia kufikia 1999, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: namba zilipanda kwa sababu shilingi ilianguka, huku uwezo wa dhahabu wa kununua bidhaa ukipungua.

Mfano wa karibu zaidi na muda mnaouzungumzia: Septemba 2011 wakia ilikaribia dola 1,900, na Desemba 2015 ilikuwa kama dola 1,050. Kwa shilingi ilitoka karibu milioni 3 ikafika karibu milioni 2.3, maana shilingi nayo ilikuwa imeshuka na kupunguza kishindo. Hata hivyo, mtoto aliyetakiwa kuingia chuo mwaka ule angekosa robo ya ada yake.

Kosa la pili katika ubishi wenu, kama ninavyousoma, ni kulinganisha dhahabu na noti iliyolala. Hakuna mwenye akili anayeacha noti ilale miaka tisa. Ushindani halisi ni kati ya dhahabu na shilingi inayofanya kazi. Hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani mikopo unayoipa serikali nayo ikakulipa riba, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka kufikia 2025, riba inaingia akaunti ya benki kila baada ya miezi sita, na kiwango cha chini cha kushiriki mnada wa kuzinunua ni shilingi milioni 1. Tuchukulie asilimia 13: fedha ambayo riba yake inarudishwa kila mara kwa kiwango hichohicho huwa mara tatu katika miaka tisa. Ili dhahabu ilingane na hilo, lazima bei yake kwa shilingi nayo iwe mara tatu kufikia siku ya kulipa ada. Inawezekana, imewahi kutokea, ila hakuna aliyeahidi. Hati fungani nayo ina adui wake, naye ni mfumuko wa bei ukirudi kwenye asilimia 30 kama ule wa miaka ya 1980. Hapo riba ya 13 inaliwa yote na mtaji unaliwa pia. Ni katika hali hiyo tu ndipo mwenye dhahabu kidogo humshukuru Mungu.

Kuhusu Benki Kuu, mwambie kaka kwamba sababu zao si sababu za mama. Marekebisho ya Sheria ya Madini yanawataka wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu watenge angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa ndani, na Benki Kuu inainunua dhahabu hiyo kwa shilingi. Yaani anayechapisha shilingi anazitumia kupata mali inayokubalika London na Zurich bila kutoa dola hata moja. Ni biashara nzuri mno, ila mama hana mtambo wa kuchapa noti. Pia benki kuu nyingi duniani zimeongeza dhahabu tangu 2022, baada ya akiba za Urusi zilizokuwa nje kuzuiwa, kwa sababu dhahabu iliyo katika ghala lako haizuiwi na mtu aliye mbali. Akiba ya mwalimu wa Morogoro haimo katika hatari ya vikwazo vya kimataifa.

Sonara wa Mkunazini, Unguja

Assalamu alaykum. Mhasibu amezungumza vizuri, lakini amezungumzia dhahabu ya kwenye skrini. Dada atakayeingia dukani atakutana na dhahabu ya kwenye mizani, na hizo mbili hazina bei moja.

Tuchukue bangili ya gramu 20 ya karati 22. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, kwa hiyo ndani ya bangili hiyo mna gramu 18.3 za dhahabu safi na zilizobaki ni shaba na madini ya fedha ya kuipa ugumu. Kwa bei ya dunia ya Oktoba 2025, kama shilingi 315,000 kwa gramu safi, dhahabu iliyomo ni kama milioni 5.77. Dukani hutaipata kwa bei hiyo, kwa sababu utalipia ufundi. Tuseme ufundi na faida ya duka ni asilimia 10, ingawa kwa kazi ya nakshi nyingi huwa zaidi. Utalipa kama milioni 6.35. Ukirudi kesho kuiuza, sonara hainunui nakshi. Anaipima kama dhahabu ya kuyeyusha na anakata chake, tuseme asilimia 5, na unaondoka na kama milioni 5.5. Kwa hiyo bei ya dhahabu lazima ipande kama asilimia 16 ndipo urudi pale ulipoanzia. Mnunuzi akitazama bei ya dunia kwenye simu anajiona tajiri, kumbe bado yumo kwenye hasara.

Anayetaka akiba badala ya pambo anunue kipande cha karati 24 chenye muhuri wa kiwanda, namba yake na cheti chake, maana hapo ufundi ni mdogo. Hata hivyo vipande vidogo vya gramu 1 au 2 huuzwa kwa nyongeza kubwa kwa kila gramu kuliko kipande cha gramu 50, kwa sababu gharama ya kukitengeneza na kukifunga ni karibu ileile. Dubai, pale Deira, tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni ndogo kuliko kwetu kwa sababu maduka ni mengi na mzunguko ni mkubwa; ndiyo maana ndugu zetu wa Muscat na Dubai wakija huja na mikufu, si kwa ajili ya kuringa tu. Lakini kusafiri kwa ajili ya gramu chache ni kuila faida kwa nauli.

Dhahabu ya karati 18 ni robo tatu tu ya dhahabu, na ile ya karati 9 haifiki hata nusu. Zote ni halali kuvaa, ila usiziite akiba.

Huku pwani dhahabu imekuwa benki ya mwanamke kwa muda mrefu, na sababu yake wachumi huisahau: ni mali iliyo juu ya mwili wake, iliyotoka kwenye mahari au kwa wazazi wake, na mume akifilisika au ndugu wakigombea urithi wana kazi kubwa ya kuigusa. Bibi zetu waliuza bangili moja wakasomesha mtoto, wakabaki na nyingine. Ilifanya kazi hiyo hata katika miaka ambayo bei yake ilikuwa chini, kwa kuwa kinga dhidi ya watu ni jambo jingine na kinga dhidi ya mfumuko wa bei ni jambo jingine.

Na kama mama ni Muislamu, ajue kwamba dhahabu ya akiba ikifika gramu 85 na kutimiza mwaka ina zaka ya asilimia 2.5. Pambo la kuvaliwa lina hitilafu, yaani wanazuoni wanatofautiana: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, pambo la halali la mwanamke halitolewi zaka, na kwa Hanafi hutolewa. Kipande kilichofungwa kabatini hakina hitilafu yoyote. Wapo pia wanaoiepuka hati fungani kwa ajili ya riba. Kwao hesabu ya Mhasibu haisaidii, na swali linakuwa kati ya dhahabu, ardhi na biashara.

Mchimbaji wa Katoro, Geita

Nitasema moja tu. Kaka asije kushawishiwa na mtu anayeuza dhahabu ghafi kwa bei ya chini akisema ameitoa mwaloni, yaani pale mchanga wa dhahabu unapooshwa, juzi tu. Sheria haimruhusu mtu asiye na leseni kumiliki wala kuuza madini ghafi, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini, likiwamo la Geita, ambako dhahabu inapimwa na bei inatolewa kwa kutazama bei ya dunia. Mchimbaji ana soko la kumlipa karibu bei kamili siku hiyohiyo. Kwa nini amtafute mwalimu mstaafu wa Morogoro amuuzie kwa hasara? Anayeuza kwa punguzo kubwa ama ameiba, ama anauza shaba.

Mkaazi wa Tabora

Ningependa kuongeza kisa kilichotokea katika mji wetu, kwa sababu ni mara chache ambapo dhahabu na karatasi zimewekwa mezani pamoja, katika nchi hii hii na katika mwaka mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowakata Wajerumani wa Afrika Mashariki na kwao, meli zikakoma na sarafu zikaadimika. Kuanzia 1915 serikali ya kikoloni ikachapa noti za muda hapa hapa nchini, kwanza Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine zikiwa duni hata mtu asiyejua kusoma angezitilia shaka. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakapiga pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai upande mwingine, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke huko Iramba. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Utawala ulipoondoka, noti zilibaki karatasi mikononi mwa askari, wapagazi na wafanyabiashara waliokuwa wamelipwa nazo. Sarafu ya tembo ilibaki dhahabu, chini ya bendera yoyote.

Lakini kuna kipande cha kisa hicho ambacho wapenda dhahabu hukiacha. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na maki 20, na sarafu ya maki 20 ya Ujerumani ilikuwa na gramu 7.17 za dhahabu safi. Sarafu ya Tabora ina uzito wa gramu 7.17 kwa jumla, na robo yake si dhahabu. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 5.4 tu. Kwa hiyo aliyeipokea kwa rupia 15 alikuwa ameshika robo tatu ya thamani kwa dhahabu, na robo iliyobaki kwa ahadi ya serikali iliyokuwa inakimbia. Hata ndani ya dhahabu yenye muhuri wa serikali mliingizwa karatasi kidogo. Leo wakusanyaji wa sarafu hulipa zaidi sana ya dhahabu iliyomo, lakini hiyo ni bei ya uadimu, na haikumsaidia mpagazi wa 1916.

Mwana wa Kadutu, Bukavu

Bandugu wa Tanzania, mnazungumza juu ya shilingi kama iko mgonjwa. Sisi tulizika franka na zaire. Mwaka 1993 serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni tatu, na mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya laki moja. Fanyeni wenyewe hesabu ya aliyekuwa na akiba benki.

Jambo la kufikiriwa ni lile la Kasai. Mwanzoni mwa 1993, noti ya zaire milioni tano ilipotoka, wafanyabiashara walikataa kuipokea, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi Kinshasa. Baadaye mwaka huohuo, zaire mpya ilipokuja, Kasai ikaikataa, ikaendelea kutumia zaire za zamani ambazo serikali haikuzichapa tena, na bei za kule zikatulia kuliko sehemu nyingine za nchi. Karatasi ilikuwa ileile, wino ni uleule. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeweza kuiongeza. Kwa hiyo mimi simwambii dada kwamba karatasi ni mbaya. Namwambia aangalie ni nani anayeshika mashine na kama kuna wa kumzuia.

Na kuhusu dhahabu, sisi tuko juu yake na bado watu wetu wanaweka akiba kwa dola. Sababu iko wazi: dola inakubaliwa na muuza mihogo, na dhahabu inakubaliwa tu na yule anayejua kuipima, ambaye siku una shida anajua una shida.

Mkaazi wa Likoni, Mombasa

Nimependa hoja ya Mhasibu kuhusu bei mbili zilizozidishana, na Kenya tuna ushahidi wa karibu. Mwisho wa Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160 za Kenya, kila mtu akihofia deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Wengi walikimbilia dola, na wenye uwezo wakakimbilia dhahabu, ambayo kwa hesabu ya siku hizo ilikuwa kama shilingi 325,000 kwa wakia. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 wa kulipia sehemu ya deni lile, hofu ikaisha, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132. Katika miezi hiyo miwili dhahabu duniani ilipanda kutoka dola 2,030 hivi hadi kupita 2,200, na bado mnunuzi wa Mombasa aliyehesabu kwa shilingi alikuwa amepoteza kama asilimia 10. Aliyeng'ang'ania mpaka 2025 alirudishiwa na kuzidishiwa, sikatai, lakini aliyenunua kwa hofu mara nyingi huuza kwa hofu.

Na wanaoamini kwamba noti ikifungwa kwenye dhahabu matatizo yamekwisha waitazame Zimbabwe. Aprili 2024 walileta sarafu yao mpya, ZiG, wakisema imeegemea dhahabu na fedha za kigeni. Septemba mwaka huohuo benki kuu yao ikaishusha kwa asilimia 43 kwa siku moja. Dhahabu ilikuwa ghalani, lakini mwenye noti hakuwa na dirisha la kwenda kuidai.

Binti wa Mindu, Morogoro

Nawashukuru sana nyote. Nimemsomea kaka majibu haya yote jana usiku. Amenyamaza kwenye hoja ya Benki Kuu, lakini hajaachia ile ya mfumuko wa bei wa miaka ya 1980, na kusema kweli hata mimi siwezi kumwambia kwamba hautarudi. Mama ameuliza maswali yake mwenyewe. La kwanza: akiweka sehemu ndogo tu kwenye dhahabu, iwe kiasi gani ili iwe na maana? La pili: anazo bangili mbili za karati 22 alizopewa siku ya ndoa yake, je, hizo zihesabiwe kuwa ni akiba? La tatu: aitunze wapi, kwa kuwa nyumbani anaishi na msichana wa kazi na wajukuu wanaoingia na kutoka?

Mhasibu wa Kigamboni

Shikamoo mama.

Hakuna kipimo cha kitaalamu kinachomfaa kila mtu, kwa hiyo nitakueleza namna ninavyofikiri. Jiulize ni hasara gani ungeweza kuivumilia bila wajukuu kukosa chuo. Dhahabu imewahi kupoteza karibu nusu ya bei yake ya dola ndani ya miaka minne. Ukiweka sehemu moja katika kumi na ikatokea hivyo tena, umepoteza kama asilimia 5 ya akiba yote, na riba ya hati fungani ya nusu mwaka inaifuta hasara hiyo. Ukiweka yote, kama mwanao anavyotaka, hakuna cha kuifuta. Kwa upande mwingine, shilingi ikianguka kama zamani, sehemu hiyo moja haitaokoa kila kitu, ila italipa ada ya mwaka mmoja wakati wengine wanahangaika. Mimi nisingezidisha hapo kwa mtu wa umri wako.

Sehemu ya ugonjwa na msiba isiguse dhahabu wala hati fungani. Iwe kwenye akaunti ya kawaida au mfuko wa ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kuitoa ndani ya siku chache. Kumbuka pia kwamba benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hulipa kwa kikomo cha shilingi milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki, kwa hiyo kiasi kikubwa kisikae katika akaunti moja kwa sababu tu mmezoea kwenda tawi hilo. Sehemu ya ada ndiyo iende kwenye hati fungani, na mchague zile zitakazoiva, yaani kurudisha mtaji, karibu na mwaka wa chuo. Ya miaka 25 inalipa zaidi, lakini ukitaka kuiuza kabla ya wakati utaiuza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Kuhusu utunzaji namwachia Sonara, kwa kuwa hilo analijua kuliko mimi.

Sonara wa Mkunazini, Unguja

Bangili za ndoa zihesabiwe, mama, lakini mwishoni kabisa. Kama ziko mbili na kila moja ina gramu 15 au 20, tayari unayo dhahabu ambayo watu wengi wanaitafuta, na ulishalipia ufundi wake miaka mingi iliyopita. Pengine hesabu ya sehemu moja katika kumi imekwisha kutimia bila kununua kitu. Zipeleke kwa sonara wawili tofauti, zipimwe uzito na karati mbele ya macho yako, ukiziangalia zinavyosuguliwa kwenye jiwe na kutiwa tindikali au zinavyowekwa kwenye mashine, na usiseme unauza. Sema unataka kujua. Wakitofautiana kwenye karati, nenda kwa wa tatu.

Ukinunua nyongeza, kipande cha muhuri kibaki ndani ya kifungashio chake na risiti ya duka ikae mahali pengine, kwa sababu kikifunguliwa mnunuzi atataka kukipima upya na atakukata kwa usumbufu huo. Baadhi ya benki hukodisha visanduku vya kuhifadhia vitu vya thamani. Uliza gharama ya mwaka, na kama inazidi asilimia moja ya dhahabu utakayoweka, haifai kwa kiasi kidogo. Na nyumbani, anayejua mahali ilipo awe mtu mmoja zaidi yako, basi. Kwa jinsi nilivyousoma uzi huu, sidhani kama mtu huyo awe kaka.

Binti wa Mindu, Morogoro

Mama amecheka sana kwa hiyo sentensi ya mwisho. Jumatatu tunakwenda kuzipima bangili, na kaka ndiye atakayetusindikiza.